Pedi ya Upepo na Mizani ya Mchezo

Wazee wetu wa pwani walikuwa hodari wa kukipa jina kitu kigeni. Mitambo ya kupeleka habari bila ya waya ilipotufikia, hawakungoja kuambiwa iitweje. Waliiita simu ya upepo, na aliyelisikia jina alielewa. Neno hilo siku hizi halisikiki sana, walakini limenirudia kichwani katika safari yangu ya bara, katika miji ya Kitale na Bungoma. Huko nimewaona vijana wawili wawili wameketi juu ya benchi, macho yamekazwa kwenye televisheni, na kila mmoja ameshika mkononi kidude cheusi cha plastiki. Anabonyeza hapa, na mcheza mpira kule ndani ya kioo anakimbia, anapiga chenga, anafunga bao. Kama hiyo si simu ya upepo, sijui tuiite nini.

Kidude hicho vijana wenyewe hukiita pedi. Kina vitufe upande wa kulia, alama ya msalaba upande wa kushoto, na vijiti viwili vifupi vinavyochezwa kwa vidole gumba. Msomaji mwenye wana au wajukuu nyumbani hana haja ya kuchorewa picha.

Yamekwisha kusemwa mengi juu ya michezo hii: kwamba inapoteza wakati, inawatoa watoto vitabuni, inawafanya wachelewe chuoni na msikitini. Mimi sikukusudia kuyarudia hayo. Niliyoyaona Kitale na Bungoma yalinifunza jambo jingine, nalo ni la haki. Pale ambapo watu wanalipa fedha ili washindane, pedi si kitu cha kuchezea tu. Ni mizani, na mwenye mizani ana dhima.

KIBANDA CHA KITALE

Kitale ni mji wa baridi na mahindi. Reli iliufikia mwaka 1926, lakini watu wa kwetu walizijua nchi hizi kabla ya reli. Misafara ya pembe, na ya watumwa pia, kwa masikitiko yetu, ilipita pande hizo. Na kule Mumias, ambako si mbali na Bungoma, Uislamu uliingia kwa mikono ya wafanya biashara Waswahili katika karne ya 19. Hivi leo bidhaa zinafuata karibu njia ile ile. Kinachoshushwa Kilindini hupanda malori, hupita Nairobi na Nakuru, hufika Webuye na Bungoma kwenye barabara ya Malaba, na kingine hugeuka kaskazini kwenda Kitale. Pedi nazo husafiri hivyo hivyo, ndani ya makasha, pamoja na vyombo na viatu.

Kibanda nilichokizoea kilikuwa cha mabati, si mbali na kituo cha matatu. Mwenyewe ni mama wa makamo, mjane, na vijana wote humwita Mama. Ana televisheni mbili na mitambo miwili ya PlayStation ya nne, ile iliyotoka mwaka 2013. Kila mtambo una pedi mbili. Kwa hizo pedi nne analipa kodi ya kibanda, analipa umeme, na anasomesha watoto watatu.

Bei yake ilikuwa shilingi 40 kwa mchezo mmoja, na kanuni ni ile inayofuatwa katika vibanda vingi: anayefungwa ndiye anayelipa. Mshindi habanduki. Hungoja mpinzani mwingine, na akimfunga naye, huyo mwingine hulipa. Kijana hodari huweza kukaa benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri asitoe hata senti, hali wenzake wanatoa na kutoka.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba pedi zile, ambazo fahari yao kubwa ni kutokuwa na waya, zote zilikuwa zimefungwa waya. Waya mwembamba ulitoka katika kila pedi ukaingia kwenye mtambo, na juu yake Mama alikuwa amezungusha kamba ya katani na kuipigilia msumari kwenye meza.

"Mzee wangu," aliniambia nilipomwuliza, "betri ya pedi haimalizi siku. Mtu akiwa katikati ya mchezo ikazimika, nitagombana naye. Na hii kamba ni kwa sababu pedi isiyofungwa hutembea. Inaingia mfukoni, inakwenda zake."

Nilicheka, lakini nilimwelewa. Pedi moja ya asili ni mapato yake ya siku nyingi. Ikiibwa moja, televisheni moja inalala, maana mtu hawezi kushindana peke yake.

PEDI ILIYOTEMBEA YENYEWE

Siku ya tatu palitokea ugomvi. Kijana mmoja hamali wa sokoni, ambaye alikuwa amebeba magunia tangu alfajiri, aliketi akafungwa. Akalipa, akarudia, akafungwa tena. Mara ya tatu akasimama akasema pedi yake ina kasoro, mchezaji wake anavutwa kushoto. Wenzake wakamcheka. Wakamwambia kwamba asiyejua kucheza husingizia uwanja.

Mama hakucheka. Alisogea, akamwomba kila mtu aondoe mikono, akailaza pedi ile juu ya benchi. Sote tukatazama kioo. Mchezaji alisimama kidogo, kisha, bila ya kuguswa na mtu, akaanza kutembea polepole kuelekea kushoto. Akaenda, akaenda, mpaka akatoka nje ya mstari. Kibanda kikanyamaza kimya.

Mama alifungua mkebe wake, akamhesabia yule hamali shilingi 120, akampa mkononi. Kijana aliyekuwa ameshinda alinung'unika kwamba ushindi wake umeharamishwa. Mama akamjibu kwamba hakuna aliyemwambia si hodari, ila leo hakushindana na mtu, ameshindana na pedi mbovu. Kisha akaizima televisheni ile, na mapato yake ya siku hiyo yakabaki nusu.

Ndugu msomaji, nimeona wauza nyama wakubwa wasiokuwa na ujasiri huo mbele ya mizani yao wenyewe.

Mama alikuwa na mtoto wa dada yake, fundi, Bungoma mjini, ambaye ndiye pekee anayemwamini kwa kazi hiyo. Kwa kuwa mimi nilikuwa naelekea huko huko, nilikubali kumchukulia ile pedi. Niliifunga katika leso nikapanda matatu ya Webuye. Tukapita Kiminini na Kamukuywa, mahindi huku na huku, kisha tukaingia katika barabara kuu na nchi ya miwa.

WAYA ULIVYOKATIKA

Kabla sijamfikisha msomaji kwa fundi, ni vyema tujue mkono wa mchezaji ulifunguliwaje kutoka katika waya.

Wazo la kukiendesha chombo kwa mbali bila ya kukigusa si la jana. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliionyesha hadhara ya New York mashua ndogo iliyokwenda na kugeuka katika birika la maji kwa amri zilizopita hewani. Walakini michezo ya televisheni ilipoanza kuuzwa kwa ajili ya majumbani, mwaka 1972, kwa mtambo wa Odyssey uliotokana na kazi ya Ralph Baer, mchezaji alikuwa amefungwa kwa waya kama mbuzi kwa kamba yake. Mwaka 1983 kampuni ya Atari ilitoa vishikio vinavyotumia redio, vikubwa, vyenye erio zake, na havikuenea. Nintendo ilijaribu tena mwaka 2002 kwa pedi yake iliyoitwa WaveBird, nayo ilipendwa. Ilipotoka Xbox 360 mwaka 2005 na PlayStation ya tatu mwaka 2006, pedi isiyo na waya ikawa ndiyo kawaida.

PlayStation hutumia njia inayoitwa Bluetooth, jina lililotokana na Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Pedi na mtambo huzungumza kwa redio ndogo isiyofika mbali. Kwa kuwa hewa ya mjini imejaa simu na vyombo vingine vinavyotumia masafa hayo hayo, mazungumzo yao hayakai mahali pamoja. Hurukaruka katika mikondo 79, mara 1,600 kwa kila sekunde, ili pakiwa na kelele katika mkondo huu, neno lipite katika ule. Wazo la kurukaruka namna hiyo lilipata hataza nchini Marekani mwaka 1942, na waliolipeleka walikuwa mwigizaji wa sinema Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil. Wao walikusudia kuongoza makombora ya baharini yasizuiwe na adui. Leo wazo la namna hiyo hiyo linapeleka amri ya kijana wa Kitale anayetaka kupiga penalti.

FUNDI WA BUNGOMA

Fundi nilimkuta katika chumba chembamba cha simu na redio. Aliponiona na kofia yangu aliniamkia, "Mulembe, Ustadh," nami nikamjibu kwa salamu hiyo hiyo ya Kiluhya niliyokwisha jifunza njiani. Nikamwambia nimetumwa na mama yake mdogo. Alifuta meza akaifungua pedi kwa skrubu nne.

Ndani yake hamna uchawi. Pana betri ndogo bapa, kibao cha umeme, na vipande vya mpira chini ya vitufe. Chini ya kila kijiti pana vijisanduku viwili, kimoja cha kupima kwenda kulia na kushoto, kingine cha mbele na nyuma. Katika kila kijisanduku pana ukanda mwembamba wa kaboni, na kipande cha chuma kinachoukwaruza. Mahali chuma kilipo ndipo mtambo unapojua kijiti kimeelekea wapi.

"Sasa tazama hapa," alisema. "Chuma kikikwaruza kila siku, ukanda huliwa. Ukiliwa, kijiti kikisimama katikati, mtambo unaambiwa kimeelekea kushoto. Pedi haidanganyi kwa makusudi, Ustadh. Imechoka tu."

Katika nyumba, pedi huchezwa saa moja au mbili. Katika kibanda huchezwa kutwa, mkono baada ya mkono, na wengine wanabonyeza kwa hasira. Ndiyo maana huchoka upesi huko.

Alinieleza kwamba iko namna nyingine ya kijiti ambayo haina mkwaruzo, hutumia sumaku isiyogusana na kitu. Msingi wake ni jambo lililogunduliwa na Edwin Hall huko Marekani mwaka 1879, na kampuni ya Sega ilikwisha kuutumia katika pedi ya mtambo wake wa Dreamcast mwaka 1998. Siku hizi fundi huweza kuvinunua vijiti vya namna hiyo na kuvichomea badala ya vile vya kaboni.

Nilimweleza juu ya zile nyaya za mama yake mdogo. Akatabasamu. Akaniambia kwamba pedi za kwanza za PlayStation ya nne, hata ukizichomeka waya, waya ule hupeleka umeme wa betri tu. Maneno yenyewe huendelea kupita hewani. Ni zile zilizotoka mwaka 2016 ndizo zinazoweza kuzungumza kwa waya, nazo sharti uuambie mtambo katika mipangilio yake ya pedi uchague njia hiyo, na waya uwe ule unaoweza kupeleka habari. Waya wa bei rahisi mara nyingi ni wa kuchaji tu.

Nikaona maajabu. Mama alidhani ameufunga upepo kwa kamba ya katani, kumbe upepo ulikuwa unapita vile vile.

Kazi ile ilichukua muda mfupi kuliko chai tuliyokunywa. Alibadilisha vijisanduku, akachomea, akaijaribu pedi kwa kuilaza mezani huku mikono ameiweka nyuma. Mchezaji kiooni akasimama wima kama mlinzi. Jioni hiyo pedi ilirudi Kitale na matatu, ikiwa na barua fupi ya maelezo kuhusu waya.

BAO NA PEDI

Nikiwa njiani kurudi pwani nilikuwa nikiwaza juu ya bao letu. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Wachezaji wawili hukaa mbele ya ubao mmoja, na kete ni za wote. Hii niliyoitaka mimi sasa hivi itakuwa mkononi mwako baadaye. Kete ikiwa nyepesi, ni nyepesi kwako na kwangu. Shimo likiwa na ufa, ni ufa wetu sote. Kwa hiyo barazani mtu akifungwa hana la kusema ila kwamba mwenziwe amemzidi akili.

Mchezo wa televisheni haukujengwa hivyo. Kioo ni kimoja, lakini mikono imegawanywa, na kila mkono una chombo chake. Televisheni ikichelewesha picha, huwachelewesha wote wawili sawasawa. Lakini pedi ikiwa mbovu humla mmoja tu. Picha za michezo mingi hubadilika mara 60 kwa sekunde, na goli huweza kuingia katika muda mdogo kuliko wa kupepesa jicho. Pedi inayochelewa kidogo, au kijiti kinachovuta kidogo, inatosha kumfanya hodari aonekane mjinga.

Na hapa ndipo upepo ulipoongeza uzito wa jambo. Zamani waya ulipokatika, kila mtu aliuona umekatika. Kasoro ya pedi ya upepo haionekani. Betri dhaifu haionekani, ukanda ulioliwa hauonekani, na pedi ya bandia iliyopakwa nembo ya kampuni huonekana kama ya asili mpaka ifunguliwe. Kenya ina sheria juu ya bidhaa bandia tangu mwaka 2008, lakini sheria haikai katika kila kibanda. Anayekaa humo ni mwenye kibanda, na yeye ndiye anayejua ipi kati ya pedi zake mbili ni nzima.

Mwenye kibanda asiye mwaminifu humpa rafiki yake pedi nzima na mgeni akampa iliyochoka. Hakuna atakayemshika. Biashara ya namna hiyo na ya mwenye kupunja vibaba hazina tofauti.

Juu ya kanuni ile ya anayefungwa kulipa, baadhi ya wasomaji wataniuliza kama hiyo si mlango wa kamari. Mimi si mwanachuoni na hukumu nawaachia masheikh wetu. Nitasema nililoliona tu. Kibanda ambacho kila mtu hulipia kiti chake, afunge au afungwe, kilikuwa na kelele chache na matusi machache kuliko vile vingine. Na fedha zinapoanza kuwekwa pembeni baina ya wachezaji wenyewe, kama nilivyoona mahali fulani Bungoma, pale hapana tena cha kuulizana.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni mambo madogo ya vibanda vya mabati. Mwaka 2018 binti wa Kikenya, Sylvia Gathoni, alisajiliwa na timu ya Marekani kwa uhodari wake katika mchezo wa kupigana uitwao Tekken. Mwaka 2024 mji wa Riyadh, Saudi Arabia, ulikusanya mashindano ya dunia ya michezo hii yenye zawadi za jumla ya dola milioni 60, na mpira wa miguu wa kioo ulikuwamo. Katika mashindano mengi ya michezo ya kupigana, mchezaji anayekuja na pedi isiyo na waya hutakiwa aitenganishe na mtambo amalizapo, maana pedi iliyosahauliwa mkobani huweza kujiwasha na kuusimamisha mchezo wa wengine. Wakubwa wamekwisha jua kwamba upepo unataka kuangaliwa.

LA KUSHIKA

Kwa mzazi ambaye kijana wake huenda katika vibanda vya Kisauni, Likoni au Malindi, na kwa mwenye kibanda pia, niliyojifunza bara ni machache na hayahitaji fedha. Kabla ya kulipa, ilaze pedi, toa mkono, na utazame kama mchezaji anasimama. Uliza betri imejaa kiasi gani. Wakicheza michezo miwili, ya pili wabadilishane pedi na magoli yajumlishwe, ili kasoro ikiwepo iwapate wote. Ndiyo namna pekee ya kuurudishia mchezo huu ile haki ya bao, ambamo kete hupita mkono hadi mkono.

Habari za mwisho nilizozipata kutoka Kitale ni kwamba Mama ameifanya hiyo kuwa kanuni ya kibanda chake, na ameiandika kwa chaki mlangoni. Baadhi ya vijana hodari walihamia kwa jirani kwa sababu hawapendi kubadilishana pedi. Yule hamali bado huja jioni akishateremsha magunia. Nasikia bado hufungwa mara nyingi. Lakini sasa akifungwa hulipa bila ya maneno, kwa sababu anajua amefungwa na mtu.